Siti ya Mama Mkwe

"Hili nalo hapana," Okech alisema, akafunga mlango wa ile Starlet taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtoto.

Getruda, mchumba wake, alimtazama. Tangu magari ya Japani yaanze kumiminika Mwanza, kila Jumamosi walikwenda kwa Shimba, dalali wa magari, na kila Jumamosi Okech alipata kasoro. Naye Okech alishasema: gari kwanza, harusi baadaye.

"Linakula mafuta kidogo, vipuri viko kila duka. Kasoro iko wapi?"

"Dogo."

"Dogo kwa nani, Okech? Tuko wawili!"

Okech alikuna kidevu. "Kaka yangu Jairo kapiga simu kutoka Japani. Kuna gari jipya kule, lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, linachaji betri lenyewe. Nafasi tele ndani, mafuta kidogo. Tusubiri yaliyotumika yaanze kuja."

"Yatakuja lini?"

"Miaka michache tu."

"Na hiyo betri ikifa, nani ataifungua? Fundi wako anayefunga ekzosi kwa waya?"

Shimba aliangua kicheko. Okech hakucheka.

"Kama hunitaki, sema," Getruda alimwambia. "Usisingizie betri."

Kesho yake, Jumapili, simu ya zahanati alikofanya kazi Getruda ililia. Alikuwa rafiki yake Precious, mkata tiketi za pantoni la kuvuka ziwa kwenda Kamanga.

"Getu, mchumba wako si huwa zamu kiwandani Jumapili?"

"Ndivyo anavyoniambia."

"Mbona nimemkatia tiketi sasa hivi? Kabeba kitenge kipya cha njano. Na si mara ya kwanza, shoga yangu. Njoo, bado tunapakia."

Getruda alifika akihema, akapanda pantoni na kujificha nyuma ya lori la ndizi. Kama ilivyo desturi, magari yalizimwa na abiria wote wakashuka garini. Okech alikuwa akipita kwa dereva mmoja baada ya mwingine.

"Samahani kaka, ukijaza tangi unafika wapi?"

"Biharamulo, bila wasiwasi."

"Na abiria wa nyuma, magoti yake yanakugusa?"

"Swali gani hilo, bwana?"

Walipofika Kamanga, Getruda alimfuata kwa mbali. Okech alipanda njia ambayo Getruda angeipita hata akifumba macho. Ilikuwa inakwenda kwa mama yake Getruda. Okech alitundika kitenge juu ya ua wa minyaa, akakohoa, akageuka kuondoka.

Mama alitoka akichechemea, akamwona binti yake.

"Mwanangu! Leo umeleta mwenyewe? Sukari nilipata, na mafuta ya taa. Lakini huyo mchumba wako ananidharau. Tangu siku ile agome kuingia ndani, sijamwona tena."

Getruda hakuwa ametuma sukari wala mafuta ya taa.

"Okech! Rudi hapa!"

Alirudi mpaka nyuma ya ua, akasimama ubavu, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe! Mbona unaongea na minyaa?"

"Kwetu Rorya mama mkwe anaheshimiwa sana, mama. Siingii ndani kwako, siketi karibu yako. Niliona haya kukueleza."

"Na mimi nikalia wiki nzima!"

"Na gari?" Getruda aliuliza. "Sema yote leo."

Okech alimeza mate. "Mama miguu inamuuma. Niliapa tukioana nitakuwa nampeleka kanisani na hospitali. Sasa Getu, ndani ya Starlet mama mkwe ataketi wapi? Si atanipumulia shingoni! Na gari kubwa litatumaliza kwa mafuta. Ndiyo maana nilitaka lile la Japani."

Getruda alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mama alivuta kigoda, akaketi upande wake wa ua.

"Mkwe wangu," alisema kwa upole, "nani kakuambia lazima uendeshe wewe?"

Walioana kabla ya mvua za vuli. Jumapili moja Starlet iliteremka kwenye foleni ya pantoni pale Kamanga, Getruda usukanini, mama pembeni yake na kitenge chake cha njano. Okech alikuwa ametangulia kwa miguu kuwashikia nafasi, na sasa alikuwa amewapa mgongo.

"Mwambie mkwe gari lake halina njaa," mama alisema dirishani.

"Okech, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie asante. Na mwambie kitenge kimempendeza."

"Mh!" mama alishangaa. "Amekionaje, na haniangalii?"

Getruda aliona mabega ya mumewe yakitikisika kwa kicheko. Foleni ikasogea; akawasha gari, likaitika mara moja.