Mimi Siyo Tetea

"Jumamosi mwenzio anaingia. Chumba cha nyuma kiwe kimefagiliwa."

Mama mkwe aliyasema hayo akiwa mlangoni mwa chumba cha kuchambulia vifaranga, baada ya kuliruka beseni la dawa ambalo wengine wote hulikanyaga kwa viatu ndipo waingie. Mkwewe hakuinua hata kichwa. Mikono yake ilikuwa kwenye trei: kifaranga mwenye doa jeupe kichwani kushoto, mweusi mtupu kulia. Wenye doa ni majogoo, weusi ni matetea. Mwaka wa tisa huo, na kituo kizima cha kutotolesha hakikuwa na jicho kama lake.

"Mwenzangu nani, Mama?"

"Yule binti wa duka la vyakula vya kuku. Ndugu zake wote ni wanaume watupu. Mwanangu anataka mtoto."

"Anao watatu."

"Wasichana!"

"Ndio watoto wenyewe hao."

"Usinijibujibu, Mama Mabinti! Mwenye kasoro ni wewe. Na si maneno yangu. Mumeo kasomea mambo haya, kaniambia kwa kinywa chake kwamba jike ndilo linaloamua litoke dume au litoke jike."

Mkono ukasimama juu ya trei. Kifaranga akalia kiganjani.

"Alikwambia hivyo? Mume wangu?"

"Huyo huyo. Alikuwa ananionyesha hao hao vifaranga wenu."

Mke alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Mumewe ndiye fundi wa mashine za kutotolesha. Alirudi kutoka kozi moja akiwa anajua mambo mengi kiasi kwamba wenzake walimbandika jina la Profesa. Na mambo hayo ndiyo aliyomtongozea! Alisimama mbele ya trei hii hii, akamfundisha habari za kuku, kisha akamfundisha habari za watu. Kwa hiyo alikuwa anajua, na mkewe alijua kwamba anajua. Kitu ambacho hakukijua ni kwamba mumewe alimwachia mama yake nusu ya somo.

Akanawa mikono, akachukua simu.

"Njoo huku. Mama yako yupo."

Jibu likaja upesi: "Niko kwenye mashine. Zungumzeni tu."

"Dakika tano. Zikipita, nisikukute nyumbani kwangu."

Alifika kwa dakika mbili, jasho likimtiririka.

"Profesa, mfundishe mama yako. Anza na kuku."

"Mke wangu, hapa ni kazini."

"Ndipo uliponifundishia mimi."

Akakohoa. "Mama, tetea ana aina mbili za chembe za uzazi za kumpa mtoto. Akitoa moja anatoka jogoo, akitoa nyingine anatoka tetea. Jogoo yeye ana aina moja tu. Na ile alama ya doa imekaa kwenye ile ya kiume. Ndiyo maana matetea wetu wazazi, wale wenye mistari, huwapa doa watoto wa kiume peke yao."

"Si ndivyo nilivyosema!" mama mkwe akapiga makofi.

"Sasa watu," mke akasema.

Profesa akatazama sakafu. Wanaume bwana! Mashine ya mayai elfu kumi anaimudu, sentensi moja imemshinda.

"Mke wangu, tusiaibishane."

"Aibu nimeibeba mimi miaka sita, leo naitua. Mficha uchi hazai. Sema, ama Jumamosi kaoe na uhamie huko huko dukani. Ile nyumba tumejenga wote. Mimi na wanangu hatutoki!"

Akamgeukia mama yake.

"Kwa watu ni kinyume, Mama. Mwanamke ana X mbili, hana kingine cha kutoa. Mwanamume ana X na Y. Ikienda X ni msichana, ikienda Y ni mvulana. Hachagui, ni bahati tu. Lakini inatoka kwake. Hata nikioa wanne, ni mimi yule yule."

"Ulijua?"

"Nilijua. Siku ile ulipodhani nasema habari za watu, nikanyamaza. Niliogopa utaniona si mwanamume."

Mama mkwe akakaa juu ya kreti tupu. Mkwewe alijiandaa kutukanwa. Tusi halikuja.

"Kabla yako nilizaa wasichana watano," mama akamwambia mwanawe, taratibu. "Baba yako akaniita shamba bovu, mbele za watu. Akaniletea wake wenza wawili, nikawapikia. Mpaka anazikwa sikumjibu neno, kwa sababu niliamini."

"Mama, nisamehe..."

"Ulijua, ukaniacha mimi mama yako niendelee kuamini!"

Akatoa simu, akabonyeza.

"Haloo, binti? Jumamosi usije. Hapana, huna kosa. Nakuepusha tu."

Profesa akageuka kwa mkewe, macho mekundu. "Bado unanipenda?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nina hasira hivi. Jumapili ukoo wenu unakutana. Utasimama, uyarudie yote haya, mawifi zangu wote wasikie."

"Nitasema."

Na Jumapili akasema kweli, ingawa sauti ilimkatika mara mbili. Alipofika kwenye Y, baba yake mdogo akamkatiza.

"Acheni vitabu! Shamba likiwa bovu ni bovu tu."

Mama mkwe alisimama katikati ya watu kabla mkwewe hajafungua mdomo.

"Shemeji, shamba huotesha kilichopandwa! Kaka yako alipanda nini? Kaa chini!"

Baba mdogo akakaa. Mke wa Profesa alicheka mpaka akaegemea bega la mumewe, wala hakukiondoa kichwa.