Bi Chafya na Dawa ya Pua

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilianza na chafya zangu. Nilikuwa nikifumbua macho tu, pua inawasha, halafu zinafuatana: saba, nane, siku nyingine hata kumi na mbili bila kupumzika. Shangazi, dada yake baba, ambaye tunaishi naye, alikuwa akizihesabu huko jikoni kwa sauti kubwa ili nimsikie vizuri.

"Leo kumi na moja," alisema. "Jana ulifanya vizuri zaidi, mwanangu. Jikaze."

Shuleni waliniita Bi Chafya. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo lilikuwa limeninata hata walimu wakaanza kuniita hivyo kwa bahati mbaya.

Baba yangu ni fundi wa mabango. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake. Humo mna mbao zilizoegemezwa ukutani, makopo ya rangi, brashi zilizolowekwa kwenye tina ya kuyeyushia rangi, na vumbi la msasa kila mahali, hata juu ya redio. Humo ndimo nilimojifunza kuandika kabla sijaanza shule, nami nazipenda herufi kuliko peremende. Nikipita mtaani macho yangu hayatulii. Nikiona R yenye mguu mfupi au S inayotaka kuanguka, ni lazima niseme. Baba hunionya kwamba mdomo wangu utawakimbiza wateja.

Chafya zilipozidi, shangazi alinipeleka zahanati. Daktari alinichunguza pua na macho, akaniuliza maswali mengi, kisha akasema nina mzio.

"Mwili wako unaliona vumbi kama adui," alieleza, "ndiyo maana unapambana nalo kwa chafya na kamasi."

Akaniandikia dawa ya kupuliza puani. Katika duka la dawa tulimkuta mfamasia, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alinieleza namna ya kuitumia, polepole, akinionyesha na karatasi ya maelezo iliyokuwamo kwenye boksi. Bahati mbaya, nyuma yake palikuwa na kibao kilichoandikwa DAWA, na ile W ilikuwa imebanwa hadi inatia huruma. Shangazi yeye alikuwa mlangoni akisalimiana na jirani. Mfamasia alipouliza kama nimeelewa, nikaitika kwa adabu zote. Kwa kweli nilishika jambo moja tu: puliza mara moja kila tundu la pua, asubuhi na jioni. Ile karatasi ya maelezo niliijaribia brashi mpya siku hiyo hiyo.

Hata hivyo dawa ilinisaidia. Baada ya siku chache chafya za asubuhi zilipungua zikawa mbili au tatu, na shangazi akalalamika kwamba sasa hana kazi.

Wiki ile ile shule yetu ilikuwa inajiandaa kufungua maktaba. Mwalimu mkuu alimwomba baba aandike neno MAKTABA ukutani, juu ya mlango, kabla ya ufunguzi wa Jumamosi.

"Ataandika binti yangu," baba akajibu. "Mimi nitashika ngazi."

Sikuamini masikio yangu. Baba hajawahi kumwachia mtu brashi yake kubwa, hata wale mafundi anaofanya nao kazi. Mwalimu mkuu alinitazama, na alichotazama hasa ni pua yangu.

"Na akipiga chafya akiwa kule juu?" aliuliza.

"Sitapiga," nikasema, kabla baba hajafungua kinywa.

Maneno yakishatoka yametoka. Kuanzia hapo sikuwaza kitu kingine. Shule nzima ingelisoma neno lile kila siku, hata mimi nikishamaliza darasa la mwisho. Niliitaka kazi ile kwa moyo wangu wote, na niliiogopa pua yangu.

Alhamisi asubuhi nilipuliza dawa mara moja kama kawaida. Saa saba mchana, baba alipokuwa akisimamisha ngazi, nilizunguka nyuma ya darasa na kichupa changu mfukoni. Nyumbani kwetu kuna sheria ambayo hata shangazi anaijua: rangi haipakwi mara moja. Unapaka mkono wa kwanza, inakauka, unapaka mkono wa pili, ndipo inashika. Nikajiambia na pua nayo ipate mkono wa pili. Nikarudisha kichwa nyuma kama mtu anayepaka dari, nikapuliza, nikavuta kwa nguvu. Dawa ikateremka kooni, chungu ajabu. Nikaona kama sehemu kubwa imepotea, basi nikarudia.

Rafiki yangu tunayekaa dawati moja, ambaye kwa urefu wake tunamwita Twiga, alinikuta hapo. Alikuwa na mafua.

"Hebu nipe na mimi, pua imeziba," alisema.

Nikampa. Tangu darasa la kwanza tunagawana penseli, rula, hata sweta. Akapuliza, akanirudishia, nami nikaitia mfukoni.

Nilipanda ngazi nikiwa na furaha. M ilisimama vizuri. A ikafuata, na K nikaimaliza bila kutetemeka. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika chini, wakinong'ona. Nilipoanza T, macho yakawa mazito. Nikayakaza. Ukuta ukaanza kuwa mbali, halafu karibu, halafu sikujua. Nilishtushwa na mkono wa baba ukinishika kiunoni. Brashi ilikuwa imeburura mstari mweusi kutoka kwenye T hadi kwenye fremu ya mlango.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Huyu mtoto amechoka," alisema mwalimu mkuu. "Fundi, kesho andika mwenyewe. Siku zimetuishia."

"Ulilala vizuri jana?" baba aliniuliza.

"Ni jua tu, baba," nikamjibu. Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo.

Tulirudi nyumbani. Baba alikaa karakanani akiosha brashi, wala hakunigombeza. Mwishowe akasema, bila kuniangalia, "Kosa ni langu. Nimekubebesha kazi ya watu wazima kwa kuwa nilitaka kujivunia. Mbele za watu umeaibika kwa sababu yangu."

Kama angenifokea, huenda ningenyamaza. Lakini kumwona akijilaumu kwa jambo nililofanya mimi, roho iliniuma. Nikamwambia yote: mkono wa pili, mkono wa tatu, Twiga, na jua la uongo. Nilikuwa nalia huku nikipiga miayo.

Baba aliweka brashi chini, akafuta mikono. "Leta hicho kichupa," alisema. "Twende kwa mfamasia kabla hajafunga."

Mfamasia alinisikiliza hadi mwisho. Alinitazama macho, akaniuliza kama kifua kinabana au moyo unakwenda mbio, kisha akampigia simu daktari. Alipomaliza kuzungumza akatutuliza: nisipulize tena leo, nipumzike, na nikizidiwa nipelekwe zahanati mara moja. Kesho asubuhi nirudi kwenye kipimo changu.

"Sasa niambie," alisema, "kichwa ulikiwekaje?"

"Nyuma. Kama ninapaka dari."

Akacheka hadi miwani ikamteleza. "Ndiyo maana ulionja uchungu. Ukikilaza nyuma, dawa inakwenda kooni, haibaki puani inapotakiwa. Penga kamasi kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo. Ncha ielekee upande wa sikio, isichome ule ukuta wa katikati ya pua, maana unaweza kutoka damu. Ukibonyeza, vuta hewa taratibu kana kwamba unanusa sabuni. Ukimaliza, futa ncha na ufunike."

Safari hii sikutazama kibao. Nilimtazama yeye. Akaniamuru nirudie yote kwa maneno yangu na kwa vitendo, kwa kichupa kitupu, hata baba akawa anainamisha kichwa pamoja nami.

"Nikizidisha, haifanyi kazi zaidi?" niliuliza.

"Hapana. Inayozidi inaingia mwilini na kukuletea usingizi, kama leo. Na kichupa hiki tukitupe, kimeingia kwenye pua yenye mafua. Dawa iliandikwa kwa ajili yako. Rafiki yako hajapimwa, hatujui anahitaji nini." Akaniwekea kichupa kipya mkononi. "Jambo moja zaidi. Kuna watu ambao hata kipimo sahihi huwasinzisha. Mpaka tujue mwili wako unaipokeaje, usipande ngazi."

Nikajua kazi imeniponyoka. Neno lilitakiwa juu ya mlango, na mimi nilitakiwa chini. Machozi yakaanza upya.

Baba alijikuna kidevu. "Kwani ni lazima liandikwe likiwa juu?" alisema. "Nina ubao mpana pale nyumbani. Unaweza kuandikwa chini, halafu mimi nikaupandisha. Tena utafunika lile doa lako."

Jioni hiyo nilimtafuta Twiga nikamweleza alichosema mfamasia. Mama yake aliahidi kumpeleka zahanati. Baba alipiga msasa ule ubao uani, mbali na mimi, na kabla ya kulala alipitisha kitambaa kibichi karakana nzima. Shangazi aliifuta redio, akasema kumbe ina rangi nyekundu.

Ijumaa asubuhi nilipenga, nikainamisha kichwa, nikapuliza mara moja kila upande. Sikusinzia. Shuleni nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu nikamwambia kwamba jana sikuchoka, nilizidisha dawa na kisha nikadanganya.

"Na leo?" aliuliza.

"Leo nimepuliza kama nilivyoelekezwa. Chafya inaweza kuja, mwalimu. Ikija nitaondoa brashi."

"Hilo ni jibu zuri kuliko lile la kwanza," alisema. "Haya, andika."

Nilikaa sakafuni barazani, ubao mbele yangu, baba kando. Chafya ilikuja kweli, nikiwa kwenye B. Niliondoa brashi, nikageuka, nikaipiga kwenye kiwiko, nikasubiri pua itulie, kisha nikaendelea. Herufi haikupata hata alama.

Jumamosi asubuhi, kabla ya ufunguzi, baba aliupandisha ubao, akaufunga kwa skrubu, akashuka na kusimama nami tukiutazama.

"Mwanangu," alisema, "daktari na mfamasia ni mafundi, kama mimi. Wakikupa kipimo, kifuate. Usipoelewa, uliza, usiitike tu. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linafutika. Ungenyamaza juzi, jana ungerudia, na pengine nisingekuwahi."

"Nimesikia, baba."

Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alisogea akasimama mbele yetu. Aliinua kidole, akaanza kuunganisha silabi, moja moja, akirudi nyuma kila alipokwama. Alipofika mwisho alilitamka neno zima, akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu, kisha akausukuma mlango akaingia.