Waliorudi Siku ya Ishirini na Nane

Shangazi yangu si mwongo. Ana mambo yake, anaweza kukununia wiki nzima kwa sababu ya sufuria, lakini uongo hana. Alidanganya mara tisa tu maishani mwake, kwa kalamu, na hizo mara tisa ndizo ninazozisimulia mimi, maana yeye akizianza hufika katikati akanyamaza.

Alikuwa nesi wa utafiti. Hospitali yao ilikuwa ya kawaida, wagonjwa wawili kitanda kimoja, madirisha yamezibwa kwa maboksi. Ila mwisho wa korido palikuwa na chumba kilichopakwa rangi mpya. Humo mlikuwa na kiyoyozi, meza ya kioo, na friza refu kama kabati la nguo, la kuhifadhia damu walizotolewa wagonjwa. Nje ya dirisha lilikaa jenereta la utafiti. Umeme ukikatika wodi nzima ilizima, na friza halikujua kama kuna lililotokea. Kando yake ukutani palikuwa na soketi nyekundu, na juu yake karatasi: FRIZA TU. Upande wa pili wa ukuta huohuo ndiyo wodi yenyewe, watu wanagombania pumzi.

Utafiti ulikuwa wa dawa mpya ya homa ya mapafu. Mgonjwa alipewa namba, akaweka dole gumba kwenye daftari kubwa, akapewa dawa siku tano, akaenda kwao. Siku ya ishirini na nane alitakiwa kurudi, apimwe, aweke dole tena. Asiporudi, utaratibu ulisema apigiwe simu, kisha afuatwe kwa miguu mpaka mlangoni kwake. Wakishindwa kabisa ndipo iandikwe mbele ya namba yake: Hakupatikana.

Mkubwa wa utafiti walimwita Bwana Asilimia, kwa sababu hata ukimsalimu alikujibu kwa hesabu. Siku mgonjwa wa kwanza alipofia nyumbani, mwanawe alikuja na kadi mkononi, macho mekundu. Shangazi alikwenda kutoa taarifa.

"Ulimwona akifa?" Bwana Asilimia aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana, daktari, lakini mtoto wake..."

"Basi hukumwona. Andika hakupatikana. Vifo vikizidi watausimamisha utafiti, na sote tutarudi kwetu."

Akaandika. Na wa pili akaandika. Usiniulize kwa nini, nimeshamuuliza mimi na jibu lake lilikuwa kulia. Wa tisa alikuwa Mama Mafagio, muuza mafagio aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi. Huyo hakuhitaji kutafutwa na mtu. Jumapili shangazi alikwenda mazikoni kwake, akamwona amelazwa na sweta la bluu alilompa yeye mwenyewe, akatupia udongo kama wenzake. Jumatatu, akiwa na viatu vilevile, alikaa kwenye meza ya kioo akaandika kwamba Mama Mafagio hakupatikana.

Nikifika hapa huwa nataka kupasua kitu.

Sasa, Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mahudhurio. Alhamisi ninayoisema ilianza vizuri tu, jua limetoka mapema, shangazi akafuta meza, akapanga viti, akapitia wodini kumwona wifi yake. Huyo wifi, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo. Alilazwa siku tatu kabla kwa homa ya mapafu, na aliyemshawishi kuingia kwenye utafiti ni shangazi. Namba thelathini na moja. Alikuwa amefungwa mrija wa mashine ya oksijeni puani, kifua kinapanda na kushuka kwa shida.

"Wifi," alinong'ona, "ukiniua, kaka yangu atakurudisha kwenu na vyombo vyako."

"Nyamaza upone," shangazi akamwambia, na wote wawili wakacheka.

Aliporudi chumbani alikuta kadi tisa mezani, zimepangwa sawasawa. Hakuziweka yeye. Alizisogeza karibu asome namba. Zilikuwa zile kadi alizozifungia droo ya chini, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwake.

Nje, kwenye benchi la korido, watu walikohoa.

Alidhani ni wagonjwa wa siku hiyo. Akaita namba ya kadi ya juu kwa mazoea tu, sauti ikatoka kabla hajaifikiria. Mlango ukafunguka taratibu. Akaingia mwanamke mwenye sweta la bluu.

Alikaa kitini kama alivyokaa siku zote, magoti pamoja, mikono mapajani. Kucha zake zilikuwa na udongo. Puani alikuwa bado na pamba.

"Mmeandika hamkunipata," alisema Mama Mafagio, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Nimekuja mwenyewe."

Shangazi anasema hakupiga kelele kwa sababu kelele haikuwepo. Mikono ndiyo ilifanya kazi, ilikuwa imezoea. Ikampima joto. Kipimo kilitoa joto la chumba. Ikamfunga mpira wa presha mkononi, mashine ikajaza upepo, ikajaza, ikajaza, haikukuta kitu cha kuhesabu, ikalia. Akabonyeza sponji ya wino. Mama Mafagio akaweka dole lake gumba hapo, kisha kwenye daftari, juu kabisa ya lile neno.

"Na wenzangu wako nje," alisema. Hakutoka. Alisogea tu akasimama ukutani.

Wakaingia mmoja mmoja. Mwalimu mstaafu. Kijana wa gereji. Mama wa mapacha, maziwa yamelowesha nguo. Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyeuliza swali. Kila mmoja alipimwa, kila mmoja aliweka dole, kila mmoja akaenda ukutani. Chumba kilinuka mvua ya kwanza. Nje jua liliwaka, na watu walipita koridoni wakiongea mambo yao, wala hakuna aliyegeuza shingo.

Dole la tisa lilipokauka, shangazi aliona kitu. Chini yake palikuwa na mstari wa kumi umechorwa, mtupu. Hauna namba.

"Huu wa nani?" aliuliza.

Mama Mafagio aligeuza uso akautazama ukuta wa wodi. Wote tisa wakautazama.

Umeme ukakatika.

Kiyoyozi kikanyamaza. Dirishani jenereta likanguruma, friza likaendelea na raha zake. Na nyuma ya ukuta mashine ya oksijeni ililia mara tatu, kisha haikulia tena.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa nesi wa wodi, anahema. "Dada, wifi yako! Midomo inageuka rangi. Jenereta la hospitali halina mafuta!"

Hakuwaona. Alisimama katikati yao na hakuwaona.

Wakati huo shangazi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya friza. Waya mrefu wa umeme ulikuwa kabatini, alijua, kwa sababu mara mbili huko nyuma aliomba ruhusa ya kuutumia akakataliwa. Mara ya pili alikufa yule mwalimu, siku aliyorudishwa wodini hali imemzidi, na bado akaandikwa hakupatikana. Alishika plagi ya friza.

"Usiguse hiyo!"

Bwana Asilimia alikuwa mlangoni, tai shingoni, kikombe cha chai mkononi.

"Daktari, mtu anakufa."

"Mle ndani mna damu za miaka miwili! Unajua utaharibu asilimia ngapi ya kazi yangu? Toa mkono."

"Mtu anakufa, nimesema!"

"Wanakufa kila siku!" alifoka. "Toa mkono!"

Akapiga hatua moja. Ya pili haikuja. Alitazama chini, akavuta mguu kwa nguvu, ukagoma. Chai ikamwagika. Pumzi yake ilitoka mdomoni kama moshi, ndani ya chumba ambacho kiyoyozi kilishazima. Ukutani hapakuwa na mtu tena. Walikuwa wamemzunguka, wamechuchumaa, na kila mmoja ameshika kipande cha suruali yake.

Shangazi akachomoa plagi.

Friza lilitoa mguno, likanyamaza. Akautoa waya kabatini, akauchomeka kwenye soketi nyekundu, akaukimbiza koridoni, nesi wa wodi mbele, akautia kwenye mashine. Taa yake ya kijani ikawaka. Wifi alikuwa na rangi ya majivu. Shangazi alimshika taya akamsemesha, akamtukana, akamwambia mishono ya watu imejaa nyumbani nani ataimaliza. Ikapita dakika. Ikapita nyingine. Kisha kifua kikapanda.

"Unanipigia kelele, wifi," alisema yule mwanamke bila kufungua macho.

Shangazi aliporudi chumbani hapakuwa na mtu ila Bwana Asilimia, amekaa sakafuni, anafuta suruali kwa kitambaa. Udongo haukutoka. Zilikuwa alama za vidole, kuzunguka miguu yote miwili. Friza lilikuwa linadondosha maji. Mstari wa kumi ulikuwa bado mtupu.

Ungedhani mtu wa namna hiyo atajifunza. Wapi! Jioni ileile alimfukuza shangazi kazi mbele ya wafagizi, akalifungia daftari lenye madole kwenye kabati la chuma ofisini kwake, akafungua jipya. Akanakili yote kwa mkono wake mwenyewe. Tisa wote: Hakupatikana. Shangazi alimwona kupitia kioo wakati anakusanya vitu vyake, kalamu inakimbia, wala hatetemeki.

"Acha nafasi ya kumi," alimwambia kutoka mlangoni. Sijui ilikuwa onyo au laana. Nadhani hata yeye hajui.

Jumatatu Bwana Asilimia hakuonekana. Gari lake lilikuwa limeegeshwa mahali pake. Ofisi ilifungwa kwa ndani, ikabidi wavunje. Mezani palikuwa na miwani yake, na chai iliyokuwa bado inatoa mvuke. Ukubwa una raha yake: alitafutwa kwa magari na mbwa, picha yake ikabandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo, watu wakapigiwa simu alfajiri kuulizwa kama wamemwona. Wale tisa walikuwa wanakaa mitaa ya hapohapo, majina yao yanajulikana, makaburi yao yanajulikana, na hakuna aliyevuka geti kwenda kubisha hodi. Mama Mafagio angepatikana kwa kuuliza mtoto yeyote njiani.

Ilipofika Alhamisi ya nne, mpelelezi alimwita shangazi aje alitambue daftari la zamani kabla ya kufunga jalada. Alilitoa kwenye lile kabati la chuma. Ufunguo alikuwa nao yeye tangu siku ya kwanza ya upelelezi, na siku hiyo ya kwanza alilipiga picha kila ukurasa. Akamwonyesha picha: madole tisa, na chini yake mstari mtupu. Kisha akafungua daftari lenyewe.

Mstari wa kumi ulikuwa na dole.

Mpelelezi alichukua nakala ya kitambulisho cha Bwana Asilimia, yenye alama ya dole gumba lake, kutoka kwenye jalada, akailaza kando, akatazama alama moja, akatazama ya pili, kwa muda mrefu. Halafu akafunga daftari haraka. Akavuta karatasi yake ya mwisho, akaandika neno ambalo shangazi alilijua vizuri kuliko jina lake. Hakupatikana.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alihesabu siku kwa vidole, tangu ile jioni Bwana Asilimia alipoandika upya daftari. Zilitimia ishirini na nane.

Wifi alipona. Anashona, na mdomo wake umerudi wote. Utafiti ulihamia mji mwingine na friza jipya, na dawa ile, nasikia, inasifiwa. Shangazi hafanyi kazi ya hospitali tena.

Ila siku ile, kabla mpelelezi hajafunga daftari, shangazi alipitisha kidole chake cha shahada juu ya lile dole la kumi, kutaka kuhakikisha. Wino ulikuwa mbichi. Ukamwachia doa la zambarau kidoleni. Amelisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa spiriti, halitoki. Siku nyingine zote doa ni kavu. Alhamisi asubuhi linalowa.

Nimeligusa mimi mwenyewe.