Utosi Umeanguka, Daktari Kacheka

Marling alikuwa akipiga chapati za mahindi, lakini macho yake yalikuwa kwenye bembea ya kamba alimolala mtoto. Jáder, mwanawe ambaye hata mwaka hajatimiza, alikuwa akiharisha tangu juzi. Sasa alikuwa analia bila machozi.

Mama mkwe wake, Bibi Casimira, alimpapasa mtoto kichwani. Pale palaini pa utosi palikuwa pamebonyea kama kisahani.

"Utosi umeanguka," alisema. "Nani kamrusharusha mtoto?"

"Hakuna, mama."

"Nahúm huyo! Mwanangu namjua. Akitoka kukata miwa, lazima amrushe mtoto juu kama anapepeta mahindi."

"Basi muulize mwanao. Mimi nilikuzalia huyu mdogo tu."

Mtaa mzima wa Chinandega unaijua habari hiyo. Mtoto akirushwa juu, au akichomolewa ghafla kwenye titi, utosi unaanguka. Utosi ukianguka, kuhara kunaanza. Dawa yake? Mtoto anabinuliwa, miguu juu, kichwa chini, anapigwa nyayo. Halafu mtu anamtia kidole mdomoni na kusukuma kaakaa, eti utosi urudi juu. Na maji hapewi, eti maji yanazidisha kuhara.

"Mlete nimbinue," alisema Bibi Casimira.

"Hapana, mama. Kwanza zahanati."

"Nenda. Watakucheka."

Na kweli walimcheka. Daktari alikuwa kijana, kalamu mkononi, macho kwenye karatasi.

"Ana nini?"

"Anaharisha, daktari. Na utosi umeanguka."

Daktari aliangua kicheko. "Utosi tena! Mama, ugonjwa huo haumo kwenye kitabu chochote."

Hakumgusa mtoto kichwa wala tumbo. Aliandika dawa ya chupa, akaita, "Mwingine!"

Marling alitoka mashavu yakiwaka. "Kumbe huku ugonjwa nao unadaiwa kitambulisho!" alisema kwa sauti, asikie anayesikia. Bibi Casimira alikuwa tayari kwenye benchi la nje. Alikuwa amewafuata kwa sababu hakumwamini mtu yeyote, hasa mkwewe.

Mwanamke mmoja aliyevaa aproni ya buluu aliwasogelea. Alikuwa muuguzi, jina lake Auxiliadora.

"Samahani, mama. Nimesikia umesema utosi umeanguka?"

"Na wewe unataka kucheka?" Marling aliuliza. " Foleni inaanzia pale."

"Sicheki. Mimi niko na watafiti. Tunataka kujua, akina mama wanaposema utosi umeanguka, mtoto anaumwa nini hasa."

"Ahaa! Mnatafuta panya wa kujaribia dawa. Nendeni kwa matajiri, nao wana watoto."

Auxiliadora hakukasirika. "Hakuna dawa ya kujaribiwa hapa. Kwanza mtoto, utafiti baadaye. Nitamtibu hata ukikataa kushiriki. Ukikubali, nitakuuliza maswali na kuandika ninachokiona. Ukichoka katikati, sema basi. Matibabu yake yataendelea vile vile."

Marling alimtazama mtoto. Midomo ilikuwa imekauka. "Mtibu kwanza. Mengine tutaongea."

Muuguzi aliifinya ngozi ya tumbo la Jáder kidogo, akaiachia. Ngozi haikurudi upesi. Ilibaki mkunjo, ikarudi taratibu. Macho yalikuwa yamezama. Akampa kijiko cha maji. Mtoto alikidaka kwa pupa, hataki kukiachia.

"Huyu kaishiwa maji mwilini," alisema. "Kila anapoharisha, maji yanatoka. Maji yakipungua sana, pale palaini kichwani panazama. Utosi haukuanguka ukaleta kuhara. Kuhara ndiko kulikouangusha utosi."

"Wewe binti!" Bibi Casimira alisimama. "Mimi nimebinua watoto wa mtaa huu tangu hujazaliwa. Wamepona!"

"Macho yako yaliona sawa, bibi. Utosi umezama kweli, na hiyo ni alama ya hatari. Lakini kumbinua hakurudishi maji. Kunaweza kumuumiza. Na kumnyima maji ndiko kunakoua."

Bibi Casimira aliketi tena benchini, akamtazama mtoto.

"Nilikuwa na binti," alisema. "Teodolinda. Alilia maji. Nilimnyima, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa." Aligeukia mlango wa daktari, sauti ikapanda mpaka foleni nzima ikageuka. "Mimi nilimleta hapa! Hapa hapa! Nikasema utosi umeanguka, wakacheka. Wakanirudisha nyumbani. Miaka yote mnatucheka! Mngefunga midomo kidogo, mkaniambia neno moja tu, mpe maji, mwanangu angekuwa mama wa watu leo!"

Daktari kijana alitokea mlangoni. Kicheko hakikuwapo tena. Alimtazama Jáder, akapiga magoti, akampapasa utosi. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kugusa kichwa cha mtoto.

"Nisamehe, bibi," alisema.

"Samahani weka mfukoni. Mnyweshe mtoto!"

Auxiliadora alichanganya pakiti moja ya chumvi ya kuongeza maji mwilini na lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. "Lita moja kamili," alimwambia Marling. "Si kikombe, si ndoo. Mpe kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Titi usiache."

"Akitapika?"

"Subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi."

"Na ile dawa ya chupa?"

"Kuhara kwa maji matupu kama huku hakuihitaji," alisema daktari mwenyewe, akachukua karatasi yake na kuichana. "Atapewa vidonge vya zinki. Mpe kila siku mpaka viishe, hata kama ameacha kuharisha. Ukiona damu kwenye choo, au amelegea, au hawezi kunywa, mkimbize hapa."

Walikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Marling alishika kijiko, Bibi Casimira alimpakata mtoto. Ghafla bibi alishtuka, akatazama sketi yake. Imelowa.

"Kanikojolea!" alipiga kelele. "Mkojo! Maji yamerudi!" Alicheka na kulia kwa pamoja. Na Jáder naye alilia, safari hii machozi yakimtiririka.

Siku hiyo Marling alikubali kujibu maswali ya utafiti. Ulipokwisha, watafiti hawakuondoka na majibu yao mjini. Waliwaita akina mama uani mwa zahanati na kuwaeleza: wengi wa watoto waliosemwa kuwa utosi umeanguka walikuwa kweli wamekaukiwa maji. Tangu hapo, mama akitamka neno hilo katika zahanati ile, hapangi foleni.

Bibi Casimira bado anapelekewa watoto. Anapapasa utosi kama zamani. Ukiwa umebonyea, habinui mtu. "Mnyonyeshe huku unatembea!" anafoka, anajifunga shali, na kutangulia njiani. Akifika mlangoni kwa daktari hagongi.

"Utosi umeanguka!" anasema. "Nani anacheka?"

Hakuna anayecheka. Daktari anaacha kalamu, ananyoosha mikono, anampokea mtoto.