Injini ya Demetria Inagonga

Ng'ombe hajui Jumamosi wala sikukuu. Muulize Demetria wa Chanika. Kila alfajiri anakamua, anachuja maziwa, anayatia kwenye madumu safi. Anayafunga madumu ubavuni mwa pikipiki, huku na huku. Anavaa kofia ngumu, anapiga kiki. Huyoo, anaelekea Tabata.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani. Rangi yake ya kwanza haijulikani tena. Lakini ndiyo inayolisha nyumba. Mume wake, Elibariki, ni karani kwenye ghala la saruji, na mshahara wake unajua njia ya kuondoka mapema.

Mteja mkubwa wa Demetria ni shule ya chekechea kule Tabata. Watoto pale wanakunywa uji wa maziwa saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu anaitwa Madam Clara. Ana roho nzuri huyu mama, ila kwenye saa nne yake hana mchezo.

Basi siku moja Demetria alikuwa anapanda kilima cha Pugu. Akasikia mlio. Ko-ko-ko-ko! Mlio mkali, mkavu, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Akapunguza resi. Mlio ukanyamaza. Akaongeza resi. Ko-ko-ko-ko!

"Mungu wangu, nini tena hiki?"

Akasimama pembeni. Injini ilikuwa ya moto kupita kawaida. Akasubiri ipoe, kisha akaendelea polepole. Siku hiyo alichelewa. Kesho yake mlio ukarudi, akachelewa tena. Alipofika shuleni, watoto walikuwa wameshakunywa uji mkavu usio na maziwa, na wengine walikuwa wameukataa.

Madam Clara alimsubiri getini.

"Demetria mdogo wangu, nakupenda. Lakini siwezi kuwaambia watoto kwamba pikipiki ina ishu. Ukichelewa tena, natafuta mtu mwingine."

"Nisamehe, Madam. Sitachelewa."

Moyoni aliogopa hasa. Shule ikiondoka, maziwa yote yale atampelekea nani? Yatagandia nyumbani.

Nyuma ya shule kuna fundi wa pikipiki, kijana anaitwa Praygod. Demetria akamwendea. Praygod akaiwasha pikipiki, ikanguruma pale pale ilipo. Akainama akaweka sikio.

"Unasema inagonga?"

"Inagonga kweli kweli. Nikiwa kilimani."

"Hiyo pistoni imekwisha, sista. Tufungue injini. Kanunue pistoni na ringi, halafu niachie pikipiki wiki hii."

"Wiki nzima? Na maziwa yangu?"

"Sasa, ikikufia njiani je?"

Demetria akashika usukani. Akasukuma pikipiki hadi duka la spea, mtaa wa pili. Mwenye duka ni mzee Hyder. Pembeni yake, kwenye meza ya kupokelea hela, anakaa mke wake, mama Tahera. Baba yake Hyder alikuwa fundi wa pikipiki, na Hyder mwenyewe ameziendesha tangu ujana mpaka mgongo ulipomkataza.

"Shikamoo mzee Hyder. Shikamoo mama."

"Marahaba, mama maziwa. Leo umenuna, kuna nini?"

"Nipe pistoni na ringi zake."

Hyder hakuinuka kwenye kiti.

"Nani kakwambia pistoni?"

"Fundi."

"Aliipanda hiyo pikipiki?"

"Hakuipanda. Aliisikiliza tu."

"Basi sikuuzii."

Demetria akapandwa na hasira. "Wee mzee! Mie nina shida zangu, wewe unaleta utani?"

Mama Tahera akacheka. "Mzoee tu, mwanangu. Dukani anafukuza wateja, nyumbani analalamika biashara ngumu."

"Sifukuzi mtu," Hyder akasema. "Nikimuuzia pistoni na ugonjwa si pistoni, nani atakuja kunigombeza hapa? Ni huyu huyu. Haya, mama maziwa, nijibu. Asubuhi ukiiwasha ikiwa baridi, inagonga?"

"Haigongi."

"Ikiwa imesimama inanguruma tu?"

"Haigongi. Ina kelele zake za uzee, lakini si huo mlio."

"Ukiwa tambarare, unakwenda polepole?"

"Haigongi. Ni kilimani tu, nikivuta resi. Nikiipunguza, inanyamaza."

Hyder akapiga meza. "Pistoni iliyokwisha ingepiga kelele asubuhi, injini ikiwa baridi. Haingoji kilima. Tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zikilegea nazo zinalia hata ukiwa umesimama. Huu mlio wako unakuja injini ikibeba mzigo. Twende tukausikie."

"Twende? Na nani?"

"Na mie. Mie ndio mzigo wa leo."

Kwa kweli mzigo ulikuwepo. Hyder si mtu mwembamba. Akavaa kofia, akakaa nyuma, pikipiki ikashuka kwa chini. Mama Tahera akasimama mlangoni akajishika mbavu kwa kicheko. Wakateremka mpaka bondeni, wakageuza, wakaanza kupanda.

Ko-ko-ko-ko!

"Punguza resi! Shusha gia!" Hyder akapaza sauti.

Mlio ukanyamaza. Wakarudi dukani. Hyder akashuka, akanyoosha mgongo.

"Nimeusikia. Sasa sikiliza. Ndani ya injini, plagi inawasha mafuta kwa zamu. Yanawaka, yanaisukuma pistoni. Lakini joto likizidi, mafuta mengine yanalipuka yenyewe bila kungoja zamu. Huo mlipuko unaipiga pistoni kichwani. Ndiyo kelele unayoisikia."

"Na nikiendelea kuiendesha hivyo hivyo?"

"Itatoboka. Hapo utakuja kununua pistoni kweli, na mie nitakuuzia kwa majonzi."

Demetria hakucheka. "Sasa joto linatoka wapi?"

"Mafuta unaweka wapi? Usije ukaniambia unanunua ya chupa kijiweni."

"Sheli. Siku zote sheli."

"Vizuri. Yale ya chupa wengine wanayachanganya na mafuta ya taa. Yanagongesha injini hivi hivi. Tuitazame plagi."

Wakasubiri injini ipoe. Hyder akaifungua plagi kwa spana yake, akaiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Unaona? Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya biskuti. Ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta ni mengi mno. Ikiwa nyeupe namna hii, mafuta ni machache na hewa ni nyingi. Injini ya namna hiyo inachemka. Mama, pikipiki yako ina njaa."

"Njaa? Mie naijaza tangi kila siku!"

"Tangini yamo. Mdomoni hayafiki. Tutazame kabureta, ndiyo mdomo wenyewe."

Akakagua kwanza mpira unaounganisha kabureta na injini. Haukuwa na ufa. Akafunga mafuta, akafungua kikombe cha kabureta. Akatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo mafuta yanapita. Akakiinua juani. Akamwita mke wake.

"Tahera, hebu njoo uone maajabu."

Ndani ya tundu la jeti mlikuwa na uzi wa waya. Mwembamba, umekunjwa vizuri ili usianguke.

"Hii haikuja na pikipiki," Hyder akasema. "Kuna mtu kautia. Nani anaigusa kabureta yako?"

Demetria akawaza. Praygod hajawahi kuifungua. Anayekaa na pikipiki kila Jumapili akitoka kanisani, na spana mkononi na redio pembeni, ni mtu mmoja tu. Akatoa simu, akampigia mume wake.

"Baba Anastasia. Ndani ya kabureta kuna waya. Ni wewe?"

Elibariki akakohoa.

"Si ule wa kubana mafuta? Ndio, ni mie. Jamali na wenzake, wale bodaboda wa kijiweni, wanatiaga. Ukitia waya, tundu linapungua, pikipiki hainywi. Na kweli, si ulisema mwenyewe siku hizi tangi linadumu?"

"Nilisema! Tena nikakusifia! Kumbe unaniulia injini! Shule inataka kuniacha, nalala sipati usingizi, kumbe mchawi wangu ninaye ndani!"

"Mama Anastasia, nilitaka kukusaidia jamani. Nilikuwa nakuonea huruma unavyohangaika."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. Demetria akashusha pumzi. Hasira ilikuwepo, na huruma nayo ilikuwepo. Akaweka spika, akampa Hyder simu.

"Kijana wangu, nia yako haina kosa," Hyder akasema. "Lakini lile tundu limepimwa na waliotengeneza hiyo injini. Sehemu ya mafuta inayopita pale ndiyo inayoipoza. Pikipiki ikisimama inatumia njia nyingine ndogo, ndiyo maana mlio hausikiki. Ikipanda kilima inategemea hii jeti. Ukiibana, unaokoa mafuta kidogo unachoma injini nzima."

"Nimeelewa, mzee. Wallahi sikujua."

"Baba Anastasia anasema wallahi!" mama Tahera akacheka. "Leo kashikika."

Waya akautoa Demetria mwenyewe. Aliomba. Akaukamata kwa koleo, akauvuta, akautupa kwenye ndoo ya taka kwa nguvu zote. Hyder akaisafisha jeti kwa petroli, akaipuliza kwa upepo, akaitazama juani mpaka tundu likaonekana duara safi. Akaifuta plagi, akaipima, akaona bado nzima. Akaliosha chujio la hewa pia. Akavirudisha vyote mahali pake, kisha akaonyesha tope jekundu lililoganda kwenye mapezi ya injini.

"Na hili tope la Chanika? Hapa ndipo upepo unapopoozea injini. Umeivalisha koti la baridi!"

"Nitaliosha leo leo."

"Na kilimani unapandaga na gia ya ngapi?"

Demetria akatazama pembeni. "Ya nne. Nilidhani inatumia mafuta kidogo."

"Kumbe mke na mume mmesoma shule moja! Shusha gia, mama. Injini ipumue. Ikigonga tena baada ya haya yote, rudi. Patakuwa na masizi yaliyoganda ndani, au plagi inawasha moto mapema mno. Hayo nayo yana dawa."

Wakapanda tena wote wawili kutoka bondeni. Hyder alikaa nyuma na uzito wake wote. Injini ikavuma mpaka juu bila mlio hata mmoja. Demetria akapiga kelele za furaha ndani ya kofia. Akirudi, akapita kwa Praygod akamweleza yote. Praygod akajikuna kichwa. "Dah, sista, kumbe nilitakiwa niipande kwanza," akasema.

Kesho yake Elibariki aliomba lifti. Alisema anataka kusikia mwenyewe. Akakaa nyuma katikati ya madumu. Kwenye kilima cha Pugu, Demetria akashusha gia, akavuta resi.

"Unasikia nini, baba Anastasia?"

"Sisikii kitu."

Kileleni Demetria akasimamisha pikipiki.

"Imekufa?" Elibariki akauliza kwa hofu.

"Haijafa. Weka spana zako mbali, pikipiki hii niachie mie. Nataka nifurahi kidogo halafu twende."

Akafurahi kidogo, wakaenda. Elibariki akashukia njiani, akakimbilia kazini.

Shuleni, Madam Clara alikuwa getini. Akatazama saa yake, akatazama madumu. Akatoa simu na kupiga hapo hapo.

"Haloo, kaka Fransis? Yale maziwa niliyokuagiza jana, usiyalete. Mwenyewe kafika."

Demetria alisimama na dumu mkononi. Kumbe mtu mwingine alikuwa ameshatafutwa! Alitaka kusema neno, lakini jikoni uji ulikuwa unachemka na mpishi alikuwa anamwita. Akaingia, akafungua dumu, akamimina.