Pembe ya Chini Kulia

Maiti ililala kifudifudi chini ya ukuta uliobandikwa magazeti, mkono mmoja umenyooshwa, nyundo ubavuni. Katikati ya chumba kamera ilisimama kwenye stendi yake, betri imekwisha, ikiutazama ukuta uleule.

Marehemu alikuwa mpimaji wa lenzi, akizijaribu kwa kupiga picha maandishi madogo ya magazeti na kuwaandikia wasomaji alichokiona. Safari hii alikuwa akiipima lenzi pana ya kamera zenye kihisi kidogo cha mwanga, ya milimita kumi na moja hadi kumi na sita, iliyosifiwa kwa kunasa picha hata penye mwanga hafifu. Inspekta, mwanamke asiye na maneno mengi, alimkuta mjane jikoni mbele ya vikombe viwili vya chai iliyopoa.

"Ulirudi kutoka sokoni saa ngapi?"

"Saa nne. Nilimsikia anapiga picha. Klik, kimya. Klik, kimya. Nikamwita aje anywe chai."

"Akakujibu?"

"Akiwa kazini hajibu. Saa sita nikaingia mwenyewe."

Daktari alikisia kifo kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Picha ya mwisho ilipigwa saa tano kamili. Basi mzee alikufa baada ya hapo, na nyumbani alikuwapo mkewe tu. Nyundo, ya humo nyumbani, ilikuwa na alama za vidole vya mke huyo. Mkuu wa kituo akaamuru mama awekwe ndani, kesho asubuhi asomewe shtaka la mauaji.

Inspekta roho ilimsuta. Mama yule alikwisha kumzika mwanawe wa pekee miaka minne nyuma. Sasa afungwe maisha kwa kumuua mtu aliyekuwa akimwandalia chai?

Alijifungia ofisini na picha zile na daftari la marehemu. Mzee alikuwa na utaratibu wake: tazama kati, kisha kingo, mwisho pembe nne, maana lenzi huumbukia pembeni. Ukurasa wa mwisho aliandika: "Kati, safi kabisa. Kwenye kumi na moja, upana wa mwisho, kingo zinavuta vitu. Dirisha la kuchungulia la kamera hii linaficha kidogo pembeni. Picha hutoka pana kuliko ulichochungulia."

Akafuata utaratibu huo, picha baada ya picha. Hadi saa tatu na robo, mzee alikuwa akizungusha pete ya lenzi: kumi na moja, kumi na tatu, kumi na sita. Kuanzia saa tatu na dakika thelathini na mbili, zote kumi na moja, moja kila dakika mbili.

Akaikuza pembe ya chini kulia. Vidole. Vinne, virefu kupita vya binadamu, vimevutwa na lenzi. Picha iliyofuata, vidole. Iliyofuata tena, vilevile, havijasogea hata chembe. Mama alikuwa akimwita maiti aje anywe chai, na kamera ndiyo iliyokuwa ikimwitikia.

Akamwita Fleshi, mpiga picha mwenye jina, rafiki wa kufa kuzikana wa yule mwana aliyezikwa, na mgeni pekee wa asubuhi hiyo.

"Ulisema ulipita kumsalimu mzee."

"Nikaondoka saa nne kasoro dakika ishirini. Nilikuwa na harusi."

"Ulimwacha mzima?"

"Buheri wa afya, anapiga picha."

"Hii ni ya dakika nane kabla hujaondoka. Mkono wa nani?"

Fleshi aliitazama sana. "Haiwezekani. Nilichungulia, hakuonekana."

Koplo aliyekuwa akinakili maelezo aliacha kuandika. Fleshi mwenyewe akasikia alichokisema, akainamisha kichwa.

"Dirisha la kamera yangu mimi huonyesha yote," alisema taratibu. "Niliitega hii ijipigie yenyewe, ionekane yu hai mimi nikiwa harusini."

"Kisa?"

"Picha yangu iliyopata tuzo, ya mwanamke anayecheka dirishani. Si yangu. Aliipiga mwana wa mzee, ikabaki kwenye kompyuta yangu. Mzee aliujua ukungu wa pembeni wa lenzi ya mtoto wake. Akasema ataandika ukweli huo. Nilimwomba, Inspekta. Akanipa mgongo, akaendelea kubandika magazeti. Nikaishika nyundo kwa kitambaa cha kufutia lenzi."

Inspekta aliufungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake mwenyewe, akamweleza mama yote, asimfiche hata lile la picha.

"Ile ya dirishani?" mama aliuliza. "Fleshi alituletea, imo sebuleni. Miaka mitatu naipangusa vumbi, nikisema laiti mwanangu angeishi, naye angepiga picha kama hii."

Akaomba apelekwe nyumbani.