Kilichokuwa Kinalamba Paja la Murunga

Msumeno wa kiwanda cha mbao cha Kaburu kule Plateau ulimpasua kibarua wake Murunga paja asubuhi ya mvua, miaka ile Eldoret bado tunaiita Sisibo, na damu ikaruka mpaka kwenye mabati. Hiyo kila mtu aliona. Mimi nawapa wasichoona: walipomfunga na gunia na kumpeleka nyumbani, kisha wakarudi kufagia, unga wa mbao ulikuwa mkavu, mweupe pe! Anayebisha alete hadithi yake.

Wiki zikapita, jeraha likakataa kufunga. Kingo zake zilipauka kama kuku wa kuchemsha, lakini paja lenyewe lilivimba likang'aa, moto wa kukaangia yai. Murunga alibaki mifupa, midomo haina rangi, akisimama anaanguka. Na mkewe Nekoye akinyamaza kidogo, anasikia chini ya kitambaa: lap, lap, lap.

"Ni nini hicho?" akanong'ona.

"Sijui. Kiambie kipunguze meno."

Jirani yao, mganga wa Kinandi aitwaye Jeruto, alinusa mlangoni tu: chuma moto na nyama iliyooza.

"Ni jini la damu. Lilionja pale msumenoni, likamfuata. Kidonda hujengwa na damu, Nekoye, na huyu hana. Kidogo anachojenga, moto wa huo uvimbe unabomoa. Nitamtoa ng'ombe wangu damu ya shingo kwa mshale. Anywe na maziwa, la sivyo utamzika."

Akaleta kibuyu bado kina joto. Lakini Nekoye alikuwa ameokoka, na kanisani kwao damu hailiwi. Kila kibuyu kilipokuja, alikimwaga kizingitini.

"Amekunywa?" Jeruto huuliza.

"Amekunywa, Mama."

Aliyekunywa ni jini. Likanenepa, na Jumapili moja mchana, watu wakiwa bado wanaimba kanisani, likamnyanyua Murunga kwa mguu ule ule mbovu, likampiga ukutani, likampiga tena, usaha ukiruka, udongo ukibomoka, Nekoye akining'inia kwenye mkono wa mumewe huku akilia jina la Yesu na la mama yake kwa pamoja, mpaka Jeruto akapiga mlango teke na kuteleza kizingitini kwenye mabaki ya damu ya kibuyu cha asubuhi.

"Wewe! Umekuwa ukimlisha nani?"

Akamkalia Murunga kifuani, akapasua uvimbe kwa kisu chekundu cha moto, akaingiza vidole, akachomoa kitu kirefu, chenye utelezi, kikimzunguka mkono. Ulimi! Akautupa kwenye makaa. Ulilia kama mtoto.

Nekoye mwenyewe akashika kibuyu, akampelekea mumewe mdomoni. "Baba Tryphosa, kunywa. Na Mungu nitaongea mimi."

Akanywa, siku hiyo na nyingine nyingi. Uvimbe ukashuka, nyama nyekundu ikapanda kutoka chini, na ngano ilipovunwa Murunga alikuwa anachechemea kwenda kazini.

Jioni moja ya mavuno hayo Nekoye, akimenya viazi mlangoni, akajikata kidole. Matone machache tu yakadondoka kizingitini. Akaingia kuchukua kitambaa, akatoka.

Kizingiti kilikuwa kikavu. Walichoma ulimi tu; tumbo la jini, lile alilolilisha yeye hapo hapo, lilibaki. Akatazama kidole chake, kingo zimeanza kupauka, na chini ya mlango akasikia: lap.